Nafasi Moja ya Kudumu

Jumatatu, 4 Novemba
Mvua. Mji wote wa Hull umelowa, nami pia. Mkataba wangu unakwisha mwisho wa mwezi. Miaka yote hii nachunguza matope ya mto Humber, sifa wanapata wengine! Leo chuo kimetangaza kazi: mratibu wa utafiti. Ya kudumu! Mpinzani ninayemwogopa ni Philippa, tunayetazamana naye mezani. Ana akili, ana adabu, watu wanampenda. Nuksi tupu.

Jumatano, 6 Novemba
Nimemtengenezea Philippa chai. Nikamnong'oneza kwamba mkuu wa kitengo chenye kazi hiyo, Bi Akroyd, ni moto wa kuotea mbali. Msaidizi wake wa mwisho aliondoka analia. (Uongo. Alikwenda kujifungua.) Philippa akashika mkono wangu. "Asante, Desmond. Wewe ni ndugu kweli." Roho ikanisuta mpaka biskuti ilipokwisha.

Ijumaa, 8 Novemba
Philippa haombi! Wenzetu wa ghorofa ya chini nao nimewaambia kazi ina mwenyewe, tangazo ni danganya toto. Wameamini papo hapo. Wasomi, jambo baya hawaliombei ushahidi.
Jioni dada yangu Lorna, anayenihifadhi tangu ndoa yangu ivunjike, kasema mwanawe anarudi kabla ya Krismasi na anataka chumba. Nikamwambia atulie, kazi ninayo. "Na ukiikosa, Des?" Mdomo wa mkosi!

Jumanne, 12 Novemba
Maombi yamefungwa. Mwombaji ni mmoja tu. Mimi! Nimenunua tai.

Ijumaa, 15 Novemba
Bi Akroyd kaniita. Mpole kupita kiasi. Kasema wakubwa wameona kazi iliyoombwa na mtu mmoja haina haja ya kuwepo. Wameifuta.
"Lakini mimi naitaka!"
"Najua, Desmond. Sijui wenzako waliogopa nini."
Nikatazama zulia. Nikaaga, nikatoka.

Jumatatu, 18 Novemba
Philippa kaleta keki. Amepata kazi mjini York, cheo kikubwa kuliko kile kilichofutwa. Kawatangazia wote kwamba nisingemwonya, asingetafuta nje. Kanikumbatia mbele za watu. Nimejifungia chooni, nikalia. Keki ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Alhamisi, 28 Novemba
Nimeondoa vitu vyangu mezani. Hakuna aliyeuliza ninakwenda wapi. Nyumbani, mpwa wangu amelala kitandani kwangu. Mimi niko kwenye kochi, miguu inaning'inia.
Philippa kapiga simu. Huko York wanataka msaidizi, mwaka mmoja tu, na jina langu ameshalitaja. "Lete maombi, Des, usichelewe." Moyo wa dhahabu, yule! Ila kuna mwombaji mwingine, kijana aitwaye Ewan, naye ni hodari.
Namba ya Ewan nimeipata. Nitampigia asubuhi, kirafiki tu, nimweleze habari za panya wa ofisi ile. Mimi mwenyewe sijawahi kufika. Lakini panya wapo kila mahali.