Mdudu Mmoja, Vilima Viwili

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Nimefika Arua, Ediofe, kwa dada yangu. Mumewe, shemeji Ezati, ana machimbo ya mawe nyuma ya nyumba. Mimi nina yangu Kuluba, kule Koboko. Kabla sijaketi akatangaza mbele ya wageni kwamba mawe ya Koboko ni watoto wa jana, yanavunjika kama muhogo mkavu. Wageni wakacheka. Mimi, Taban, niliyewahi kupasua mwamba kwa kuukemea tu!  Chai yake nikaiacha mezani.

Jumanne, 5 Agosti
Binti yao Driwaru anasomea miamba chuo kikuu. Amekuja na mdudu aliyegeuka jiwe. Trilobiti! Mgongo wa pingili, kama jongoo aliyekanyagwa na lori. Amemwazima kwa mwalimu wake, Madam Viktoria. Asipomrudisha mzima wiki hii, hapati barua ya kwenda mafunzo ya kazi.
Akanieleza: kila aina ya wadudu hawa iliishi zama zake, ikaisha. Ukikuta aina moja ndani ya mawe ya mahali pawili, hata pakiwa mbali, mawe hayo ni rika moja.
Rika moja! Kuluba na Ediofe! Ezati atafunga mdomo mpaka Krismasi.

Jumatano, 6 Agosti
Tatizo: mdudu mmoja, vilima viwili. Nimelitatua kwa nyundo: kichwa kando, mkia kando.
Driwaru alimtafuta hadi chini ya vitanda. Mfuko wa mjomba haupekuliwi nyumba hii, ni heshima. Nikamsaidia kutafuta. Naona haya kuandika, lakini nilitafuta kwa bidii kuliko wote.
Mkia nimeubandika kwa sementi kwenye machimbo ya Ezati. Kisha bodaboda mpaka Koboko, kichwa nikakipachika Kuluba. Fundi gani angefanya vizuri zaidi?

Alhamisi, 7 Agosti
Aibu. Aibu tupu.
Asubuhi niliwaonyesha mkia. Ezati akakuna kichwa. Driwaru akaung'oa, akautia mfukoni. Nikadhani ni furaha ya kisomi. Tukapanda lori la Ezati hadi Kuluba. Nikahutubia njia nzima.
Pale kwenye kichwa, Driwaru alikwangua sementi kwa ukucha. Akakitoa. Akautoa mkia. Akaviunganisha. Vikashikana kama mlango na fremu yake.
Ezati akakaa chini kwa kicheko. "Shemeji, hii si rika moja. Hii iko mdudu moja!"
Driwaru akasema mawe yetu, ya Arua na ya Koboko, ni makongwe kuliko trilobiti wote, tena yalipikwa chini ya ardhi. Hayana mdudu. Akionekana, ujue mtu kamweka. Kumbe mawe yangu hayakuhitaji msaada wangu!
Hakunitukana. Alisema tu, "Asante, mjomba." Afadhali angenipiga jiwe.

Ijumaa, 8 Agosti
Dada amenikalisha mezani na kalamu. Niandike kwa mkono wangu kwa Madam Viktoria, binti asibebe kosa langu. Nimeandika: mimi ndiye niliyeiba, mimi ndiye niliyevunja, mimi ndiye niliyedanganya. Machozi yalidondoka. Mawili. Driwaru akasoma, akanishika bega, akaniambia, "Basi, mjomba, yameisha." Sikuweza kumtazama. Nikaipeleka barua mwenyewe kwenye basi.

Jumapili, 10 Agosti
Madam Viktoria amenipigia simu. Ameguswa na ukweli wangu. Amesamehe! Ila ameuliza kuhusu ule mstari wa mwisho.
Nieleze. Pale kituoni niliona karatasi ina nafasi tupu chini. Kumpelekea msomi karatasi nusu ni utovu wa adabu. Nikaongeza kwamba Kuluba ninaye mdudu mwingine, mzima kabisa, mkubwa kama kobe.
Anakuja Alhamisi kumwona kwa macho yake. Barua ya mafunzo ya Driwaru ataileta mkononi, na ataitoa akishamwona. Driwaru bado sijamwambia. Leo anaimba jikoni, sitaki kumkatiza.
Kesho alfajiri naenda Omugo. Nasikia kule kobe wanapatikana.