Ombi la Kurudishiwa Kompresa ya Hatua Moja

Chumbani kwangu,
ukuta unaopakana na karakana.

Kwa Mwenye Karakana (ambaye nje ya saa za kazi ni Baba),

Shikamoo Baba.

Nianze na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Mama: mimi naimba. Siimbi kwa kunong'ona. Naimba kwa koo lote, mdomo wazi kama mtu aliyekanyaga nyoka. Hukuwahi kunisikia kwa sababu nilikuwa naimba kompresa ikinguruma tu, na ile ya zamani ilinguruma tangu unapofungua geti mpaka unapolifunga. Sasa umeisukumia nyuma ya choo ukaifunika turubai, ukaleta mpya.

Ijumaa wanachagua kwaya ya shule na nimejiandikisha. (Hilo nalo hukulijua. Leo ni siku ya habari.) Nisipopata mazoezi nitasimama mbele ya watu nitoe sauti ya bawaba kavu. Kwa hiyo, kwa heshima zote, nawasilisha malalamiko yafuatayo:

1. Kuhusu tabia ya mashine. Ile ya zamani ni ya hatua moja: inavuta hewa, pistoni inaikandamiza mara moja, hewa inaingia kwenye tangi, basi. Spana, fundi wetu wa rangi, akipulizia mlango mmoja tu wa gari, presha inashuka na mota inaamka. Mashine ya watu hiyo, haina makuu! Hii mpya ni ya hatua mbili. Silinda kubwa inaikandamiza hewa, inaipitisha kwenye bomba ipoe, kisha silinda ndogo inaikandamiza tena. Tangi linashiba presha, mashine inajizima na kutulia kama mkwe baada ya chakula. Spana anapulizia ubavu mzima wa gari, kimya. Baba, kimya hicho kinaniangukia mimi.

2. Kuhusu vichwa viwili. Miaka yote ulikuwa unawaambia wateja kwamba ya zamani ni ya hatua mbili kwa kuwa ina vichwa viwili. Kumbe vile vichwa vina ukubwa sawa, kila kimoja kinakandamiza hewa yake na kuisukuma tangini, kama mapacha wanaofua kila mtu na beseni lake. Hatua mbili ni pale kikubwa kinapomkabidhi mdogo wake amalizie. Nayajua haya kwa sababu ni mimi niliyekutafsiria kile kijitabu cha muuza kompresa kilichoandikwa kwa lugha ya shule. Uliponiuliza, "Sasa mwanangu, tuchukue ipi?" nikajibu bila aibu, "Hatua mbili, Baba." Nilipiga hesabu yangu: yenye nguvu zaidi itapiga kelele zaidi. Nilikwisha kuchagua na wimbo wa sauti za juu. Ukurasa unaosema mashine inapumzika muda mrefu niliuruka kwa furaha.

3. Kuhusu tukio la Jumanne. Nilikuwa kileleni mwa ubeti wa tatu. Mashine ikafanya pshii, ikazima. Sauti yangu ikabaki peke yake nyumba nzima, kama mtu aliyetoka bafuni akakuta wageni. Mama akauliza kutoka jikoni, "Nani amefungulia redio?" Na Spana, ng'ambo ya ukuta, "Si redio hiyo, Mama, ni paka kabanwa na jeki!" Nilikaa chini ya kitanda mpaka chakula cha usiku. Kuhusu paka sikukata rufaa.

4. Kuhusu wahanga wengine. Spana amezoea kupiga kelele kwenye simu, na sasa mtaa mzima unajua mchumba wake anamwita "kijiko changu". Wewe mwenyewe, Baba, ulimwita mteja bahili kabla hajafika getini, akarudi. Na Bibi, ambaye tulimpeleka hospitali kwa ajili ya masikio, kumbe hana tatizo lolote. Anasikia yote, tena anajibu.

5. Kuhusu suluhisho. Naomba:
(a) Ya zamani irudishwe kazini kwa heshima.
(b) Ikishindikana, mpira wa hewa utobolewe tundu dogo, rasmi, ili presha ishuke na mashine iwake kila mara. Na Spana akatazwe kupitisha povu la sabuni kutafuta panapovuja.
(c) Ikishindikana, zipuliziwe rangi gari zote za mtaa, wenyewe wakitaka wasitake, kisha mageti, kisha shule yenyewe, ikiwezekana Ijumaa asubuhi.
(d) Ikishindikana kabisa, nyumba ihamishwe.

Nangoja uamuzi wako kwa unyenyekevu. Nisalimie Mama aliye jikoni, Bibi (najua keshasikia), Spana pamoja na mchumba wake, na ile mashine iliyo chini ya turubai, iambie sijaisahau.

Wako mtiifu,
Binti yako wa pili, yule asiyeongea.

N.B. Baba, nilipokuwa naandika ombi la (d) nilikuwa naimba. Sikujua. Kalamu inakwenda, wimbo unakwenda, mpaka pale juu kabisa. Ndipo nikasikiliza: mashine imezima kitambo. Msasa wa Spana hausugui. Sufuria za Mama hazigongani. Nikanyamaza. Ukuta ukagongwa: "Wee binti, mbona umekata? Malizia bwana, kazi imesimama huku!" Na Bibi akadakia, "Aanze mwanzo, mimi nilichelewa!"

Sasa nasikia buti zako koridoni. Karatasi hii nilikwisha kuisukumia chini ya godoro. Nimeitoa, iko mezani, wazi. Mashine mpya ibaki hapo hapo ilipo. Ingia tu, ila simama mlangoni na usiniangalie usoni. Naanza ubeti wa kwanza.