Baba Mkwe Kiti cha Mbele

Jumatano, 14 Mei 2025
Lilian, mjukuu wangu, amepiga simu kutoka Mbeya mjini. Yeye na wenzake wana ukumbi wao, wanaimba na kuchora bila mdhamini. Njaa tupu! Jumamosi wanataka kikundi chetu cha ngoma, akina mama wa Msasani, hii ya kwetu milimani, si ile ya pwani. Nikafurahi. Kisha akasema bibi usikasirike, nyimbo aanzishe Beatrice, sauti yake inapanda. Beatrice! Ameolewa juzi tu, ndoa haijafika miaka ishirini! Siku zote naanzisha mimi, yeye anaitikia. Ugali nimewapa kuku.

Alhamisi, 15 Mei
Mazoezi. Neema kasema nipumzike, sauti yangu siku hizi ni mlango wa banda la kuku. Wakacheka. Nami nikacheka, kwa meno tu. Leo wananitoa mbele, kesho nitawashikia vikapu!
Jioni nimepata akili. Beatrice ni mkwe wa mzee Jotham wa Suma. Kwetu Wanyakyusa mwanamke haonani na baba mkwe. Akimwona njiani anaingia migombani. Sasa Jotham akikaa kiti cha mbele, ataimba nani?

Ijumaa, 16 Mei
Nimekwenda Suma kwa bodaboda, mvua yote mgongoni. Nimemwambia Jotham kuna muziki wa bure na nyama. Akauliza ng'ombe au mbuzi. Nikasema zote. Mungu atanisamehe baadaye. Beatrice sikumtaja. Akiugua je? Asipokuja je? Nimemwachia shati la marehemu mume wangu, asipate kisingizio.

Jumamosi, 17 Mei
Naandika chumbani kwa Lilian. Ukumbi mwembamba, taa nyekundu kama za kulelea vifaranga. Vijana suruali zimechanika, na wamezinunua hivyohivyo! Jotham alikuwa mbele, anaulizia nyama.
Tukaitwa. Nikatoka na ngoma yangu. Beatrice akachungulia kwenye pazia, akarudi mbio, khanga usoni. Safi! Neema akachungulia, akarudi. Halafu mwenzetu Tulia. Wote saba! Jamani, nilisahau! Wote wameolewa ukoo uleule wa Jotham, na kwetu ndugu wa baba mkwe naye ni baba mkwe. Mimi tu nimeolewa kwingine.
Nikabaki peke yangu. Nikafungua mdomo, kikatoka kikohozi. Lilian pembeni machozi yanamlenga, maana amewaringia wenzake tangu Jumatano kuwa bibi yake anakuja.
Mara Beatrice akaanzisha hukohuko nyuma ya pazia. Kusikia si kuonana! Wenzake wakaitikia. Ukumbi ukalipuka makofi na miluzi. Wanasema ni ubunifu, sauti bila watu. Hata Jotham kasimama. Mimi nilipiga ngoma, mdomo nikauchezesha tu.

Jumapili, 18 Mei
Lilian anasema tunaitwa tena mwezi ujao, vilevile. Wao nyuma ya pazia, mimi mbele na ngoma, mdomo nifumbe. Nifumbe!
Jioni kaja Beatrice na mkungu wa ndizi. Kapiga goti, kasema ndaga, asante mama, bila wewe kusimama pale mbele tungeaibika. Hajui kitu. Nimeona haya, kama dakika mbili.
Mzee Jotham ana mdogo wake kule Isongole, anaitwa Abrahamu. Kesho namfuata. Huyo nitamkalisha nyuma ya pazia.