Simu ya Orrivel Iliyopotea Redwood City

Kampuni ya Orrivel ilipotangaza kwamba mfanyakazi wake mmoja ameisahau kwenye bustani ya bia, baa ya nje yenye mabenchi, simu mpya ambayo bado haijaonwa na mteja yeyote, watu wa Redwood City hawakusikitika hata kidogo. Walicheka. Katika baa ya Noreen, karibu na stesheni ya treni, televisheni ilikuwa bado inamwonyesha msemaji wa kampuni akiwa na uso wa msiba, na walevi wa mchana walikuwa wameshatoa hukumu: hakuna simu iliyopotea, hawa wanatafuta kiki tu, wapate kusemwa. Fundi bomba mmoja alikumbusha kwamba mwaka uliopita Orrivel hao hao waliahidi saa ya mkononi inayopima huzuni, na mpaka leo hajamwona mtu aliyeivaa. Noreen mwenyewe akasema katika baa yake ameshaokota meno ya bandia na pete za ndoa zisizo na idadi, ila siri ya kampuni bado, kwa kuwa wenye siri za namna hiyo hawanywi bia yake.

Mtu mmoja tu hakucheka. Huyo alikuwa Wendell Truax, bwana wa makamo mwenye koti la kitani, viatu vinavyong'aa na sauti ya kumlaza mtoto. Ukimuuliza kazi yake angekwambia ni mshauri. Kwa kweli aliwahi kuwakodishia mashabiki wa besiboli maegesho ya kanisa ambalo hakuwa hata muumini wake, na aliwahi kuwauzia matajiri wa Palo Alto hewa ya milimani ndani ya makopo, akiwaonya wasiifungue yote kwa mara moja. Serikali haikuwahi kutambua mchango wake, naye kwa unyenyekevu hakuidai.

Wendell alikaa kwenye kiti chake kirefu akiwasikiliza wenzake wakibishana kama simu imepotea au haijapotea, na kilichomshangaza ni kwamba hakuna aliyeuliza simu yenyewe ilivyo. Orrivel haikutoa picha. Haikusema ni nene au nyembamba, nyeusi au nyeupe. Kitu ambacho hakuna anayekijua, aliwaza, mtu yeyote anaweza kukiokota. Akamlipa Noreen, akamwachia na bakshishi, jambo lililomtia Noreen wasiwasi, akatoka.

Jumamosi iliyofuata alizunguka kwenye nyumba za watu wanaouza vitu vyao vya zamani uani, akanunua simu kuukuu kutoka kwa mjane aliyekuwa akiitumia kuzuia mlango. Katika karakana ya rafiki yake fundi baiskeli aliing'oa mgongo, akaipachika bati jepesi la alumini, akaisugua mpaka ikawa laini kama kipande cha sabuni. Nyuma akabandika karatasi ndogo iliyoandikwa kwamba hii ni mali ya kampuni na ni marufuku kuipiga picha. Ukiiwasha, kioo kilitoa duara la buluu lililozunguka, likazunguka, na halikufika popote. Wendell aliitazama kwa fahari ya baba.

Mteja wake alikuwa ameshamchagua. Clyde Haverty wa Fremont alikuwa mfanyabiashara wa kava za simu, mtu mnene mwenye haraka, ambaye ghala lake lilijaa kava za simu za mwaka juzi. Tabu ya biashara ile ni moja: simu mpya ikitoka, wote mnaanza kukimbia siku hiyo hiyo, na anayefika kwanza ndiye anayekula. Haverty alikuwa hajawahi kufika kwanza katika jambo lolote, na hilo lilimuuma kuliko vidonda vyake vya tumbo.

Walikutana kwenye kibanda cha burito, ile mikate ya Kimeksiko ya kukunja, Haverty akiwa ameshakasirika kabla ya kuketi. Alisema amekuja kwa heshima tu, kwamba yeye si mtoto, kwamba nchi nzima inajua hakuna simu iliyopotea, na kwamba kama Wendell ametumwa na Orrivel amwambie waziwazi ili amalizie chakula chake kwa amani.

Wendell hakubisha. Alikubaliana naye kwa kila neno, hata akaongeza mengine ambayo Haverty alikuwa hajayafikiria. Alisema hawa watu wa Orrivel ni waongo wa kutupwa, na yeye mwenyewe alikuwa amewacheka, mpaka siku alipoketi kwenye benchi la bustani ya bia akahisi kitu kinamchoma kwenye paja. Hapo akaifunua leso yake kidogo, akaifunika tena.

"Mimi siuzi, bwana Haverty," alisema kwa upole. "Mali ya watu hii. Jumatatu naipeleka kwa wenyewe. Nimekutafuta kwa sababu sina usingizi, nilitaka mtu mmoja wa maana ajue kabla sijairudisha."

Haverty aliacha kutafuna. Aliomba kuishika. Aliiwasha, akalitazama lile duara la buluu likizunguka, akauliza kwa nini haifunguki. Wendell akamjibu kwa huzuni kwamba kampuni imeshaifunga kutoka mbali, tangu saa ile ilipogundua imepotea, na kwamba hilo ndilo lililomwondolea shaka, maana nani angejisumbua kufunga simu ya uongo?

Kwa mtu wa kava, simu kutofunguka si kitu. Anachotaka ni urefu, upana na mahali pa vitufe. Haverty akaanza kumsihi amwachie simu kwa siku moja tu. Wendell akakataa. Akataja dhamiri, akamtaja marehemu mama yake, akatazama dirishani kwa muda mrefu. Mwisho akakubali, kwa shingo upande, kuikodisha. Haverty alitoa bahasha nene mfukoni, na kwa unene wake ilionekana wazi kwamba alikuja nayo akiwa ameshaamini tangu nyumbani.

Jumatatu jioni simu ilirudi mikononi mwa Wendell ikiwa salama, na viwanda vya ng'ambo vilikuwa vimeshaanza kumimina plastiki.

Wendell angeishia hapo, na angeishia vizuri. Lakini Haverty hakuweza kusubiri. Alianza kutangaza kava zake mtandaoni, akiziita kava za ile simu iliyopotea. Watu wakacheka upya: sasa wameunda mpaka nguo za mtoto ambaye hajazaliwa. Wengine hata hivyo walianza kuguna, huenda ipo. Mfanyabiashara hamwagi fedha zake kwa ajili ya uvumi, walisema, na kuguna huko kukatosha kuinua kidogo hisa za Orrivel, ambazo zilikuwa zimelala chali tangu mambo ya saa ya huzuni.

Siku chache baadaye Wendell alipigiwa simu na mwanamke aliyejitambulisha kama Philippa Rasko, mkuu wa mahusiano ya umma wa Orrivel. Alikuwa amempata kupitia Haverty, ambaye hakuhitaji kusukumwa sana. Hakutaja polisi. Alisema angependa wanywe kahawa.

Ofisini kwake kulikuwa na viti vya kulalia na kahawa ya baridi inayotoka kwenye bomba kama bia. Philippa alikuwa na nywele fupi nyeupe na miwani inayoning'inia kifuani. Aliipokea simu, akaigeuza mara moja, akakwaruza bati kwa ukucha, akaicheka kwa mapenzi kabisa.

"Kazi nzuri, Wendell. Umetumia msasa wa mkono?"

Wendell alifungua mdomo ili aseme habari ya benchi na paja. Philippa akamwinulia kiganja.

"Usijichoshe, baba. Sisi hatukupoteza kitu."

Akamweleza kwa utulivu, kama anayesimulia habari za jirani. Orrivel haikuwa na simu. Ilikuwa na michoro, wahandisi wanaogombana na mkurugenzi kijana anayetembea peku. Wenye hisa walikuwa wameanza kuuliza simu iko wapi, naye Philippa akapata wazo kwamba njia rahisi ya kuonyesha una kitu ni kulia kwamba umekipoteza. Kilio hicho hakikuwaingia watu. Kilichokosekana ni mwokotaji mwaminifu na kitu cha kuweka ndani ya kabati la kioo, na sasa Mungu amevileta vyote kwa pamoja.

Kwa mara ya kwanza tangu aanze ushauri, Wendell alimheshimu mtu. Akauliza yeye atapata nini. Philippa akasema kampuni haiwezi kumlipa, ingeonekana vibaya, lakini yeye binafsi ana hisa zake, nyingi tu, na siku simu itakapoonyeshwa bei itaruka. Angeweza kumwachia zote leo kwa bei ya kutupa, kiasi kile kile ambacho Wendell alikuwa amepata kwa Haverty, kwa sababu yeye Philippa ana shida zake za kifamilia. Alisema pia, akimmiminia kahawa nyingine, kwamba hizi ni hisa za wafanyakazi, hivyo zina masharti ya kawaida: zinafunguka, yaani zinaruhusiwa kuuzwa sokoni, simu ikitoka.

Wendell alilisikia neno hilo vizuri. Simu ikitoka. Aliiona kabisa akilini, ikitoka kwenye sanduku lake mbele ya kamera, na bei ikipanda. Akaitoa bahasha ya Haverty, ikiwa bado nene, na wakapeana mikono.

Sherehe ilifana. Mkurugenzi kijana alivaa viatu. Simu ilitoka kwenye sanduku la mahameli, ikawekwa ndani ya kioo, ikazungusha duara lake la buluu mbele ya waandishi. Wendell alipewa fulana na kupigiwa makofi kama raia wa mfano, akasema maneno mafupi kuhusu uaminifu ambayo yaliwatoa machozi watu kadhaa, yeye mwenyewe akiwemo. Hisa ziliruka kama alivyoahidiwa.

Asubuhi iliyofuata alikwenda San Mateo kwa dalali wa hisa, amevaa koti lake jipya, akaagiza zote ziuzwe. Dalali, kijana wa adabu, alitazama kompyuta yake, akatazama tena, akamweleza kwamba hizi haziwezi kuuzwa sokoni mpaka simu itoke.

"Imeshatoka jana," Wendell alisema. "Hata mimi nilikuwepo."

"Kutoka maana yake kuingia madukani, mzee. Watu wanunue."

Wendell aliketi, ingawa hakuwa amekaribishwa kiti. Alimpigia Philippa. Sauti ya mashine ikamjibu kwamba Bi. Rasko amestaafu na kampuni inamtakia heri. Mtu wa mapokezi, alipobembelezwa, alisema amesikia anaishi Ureno sasa, pwani, na kwamba wote ofisini walishangaa alivyopata fedha, maana kila mtu pale ana hisa kama zake na hakuna mjinga aliyewahi kukubali kuzinunua.

Majuma yaliyofuata hayakuwa mazuri. Wendell hakuweza kwenda polisi, kwa sababu angeanzia wapi? Hakuweza kusema simu ni ya bandia, maana hisa zake zingekuwa karatasi na Haverty angetaka kujua mengi. Haverty mwenyewe alikuwa akimpigia kila jioni akiwa na furaha, ghala limejaa, akiuliza tu kama Wendell amesikia lolote kuhusu tarehe.

Mkutano wa wanahisa ulipofika, Wendell alikwenda, kwa kuwa sasa alikuwa mwanahisa mkubwa kuliko wengi. Ukumbi wa hoteli ulijaa. Mwalimu mmoja mstaafu, mama mwembamba aliyeweka akiba yake yote Orrivel, alisimama akasema hana maswali ya hesabu, anataka ajibiwe jambo moja. Simu hii ipo au haipo? Mkurugenzi alianza kuzungumzia upeo wa kampuni na safari yake. Yule mama akabaki amesimama. Minong'ono ikaanza nyuma, ile ile ya tangu mwanzo, kwamba ni kiki, wote ni kiki, na watu wakaanza kutoa simu zao za kawaida ili wauze hisa zao.

Wendell aliona mali yake yote ikielekea mlangoni. Akasimama kabla hajafikiri.

"Mama, ipo," alisema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kweli. "Nimeishika kwa mikono yangu hii. Naijua kila kona yake. Naomba uniamini."

Katika maisha yake ya kazi hakuwahi kusema maneno ya kweli namna ile mbele ya watu wengi, na huenda ndiyo maana yaliwaingia. Mama akaketi. Minong'ono ikatulia. Hisa zikabaki palepale.

Baada ya mkutano mkurugenzi kijana alimvuta kando, nyuma ya meza ya vitafunio. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimweleza kwa kunong'ona kwamba Philippa alimwambia yote kabla ya kuondoka, kwamba wahandisi wake watatu wameacha kazi, na kwamba wanahisa sasa wanataka simu ile ile waliyoiona kwenye kioo, si nyingine.

"Ile alumini," aliuliza. "Unakumbuka ulivyoifanya?"

Wendell alifikiria bahasha, akafikiria Ureno, akafikiria hisa zake zilizolala zikisubiri simu itoke. Akasema anakumbuka.

Tangu hapo, kila asubuhi utamwona kwenye treni ya watu wa kazini, amening'iniza kitambulisho cha Orrivel shingoni, kikombe cha kahawa mkononi, miguu imemvimba kwa kusimama. Jioni hurudi na vumbi la alumini kwenye kope. Noreen anasema amekonda, hanywi tena mchana, na analipa bili yake kwa mshahara. Juzi alimuuliza kama kazi inakwenda. Wendell akamjibu kwamba duara sasa linazunguka vizuri zaidi kuliko mwanzo.