Pafu la Pikipiki

Walioingia msituni kila Jumamosi na pikipiki zao za magurudumu manne walikuwa watu wazima wenye kazi na familia, nao walipenda tope kuliko watoto wa chekechea. Njia yao ilipinda vichakani, ikateremka bondeni na kuishia kwenye dimbwi pana, jeusi, lenye kina kirefu. Hapo ndipo heshima zilipozama. Pikipiki ikifika katikati, maji yaliingia kwenye tundu la kuvutia hewa, injini ikakohoa na kunyamaza, na daktari wa meno wa watu akabaki ameketi kitini akitazamana na vyura.

Pale wengine walipoona aibu, Ulimi aliona riziki.

Ulimi lilikuwa jina la mtaani, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu yake baada ya kumsikiliza kidogo. Pikipiki hakuwa nayo. Alikuwa na shemeji, mume wa dada yake, fundi wa gereji, ambaye alikuwa amemaliza kutengeneza pikipiki ya mteja mmoja mkali. Mteja angeifuata Jumamosi saa sita mchana. Ulimi akaomba aizungushe kidogo asubuhi, kuhakikisha imepona.

"Ikirudi na kasoro, mimi sina kazi," shemeji alimwambia. "Na nikikosa kazi tunahamia kwako. Mimi, dada yako na watoto wote."

Ulimi alikuwa ametishiwa na askari, wenye nyumba na wachumba wawili. Hakuna tishio lililomwingia kama hilo.

Lakini alikwishajiandaa. Wiki nzima alikuwa akibeba mawe na kuyapanga chini ya yale maji meusi, mpaka ikapatikana njia nyembamba ambayo hakuna jicho lingeiona. Kisha akachukua bomba la plastiki. Ncha moja akaifunga kwa mpira na gundi kwenye tundu la hewa, kwa sababu uongo nao unataka kufanyiwa kazi safi. Nyingine akaipandisha hadi juu ya usukani na kuivika kopo lililopakwa rangi nyekundu, lililotobolewa matundu. Akaliita pafu.

Jumamosi akatokea upande wa mjini, akakatiza dimbwi akipiga mluzi, maji yakimlamba viatu tu. Waendeshaji walioegesha ng'ambo walisimama midomo wazi. Akawaeleza kwamba pafu huinyanyua pikipiki majini kama bata, na kwamba yamebaki machache. Wawili watatu wakalipia papo hapo. Daktari wa meno akalipia lake, kisha akamvuta pembeni na kuongeza kitu ili mkwe wake asiuziwe.

Ndipo akasogea Mama Mabomba, mwenye duka la vifaa vya maji, mwendeshaji ambaye wote walimwogopa. Alitaka kujaribu mwenyewe kwanza.

"Bila shaka, mama," Ulimi akasema. "Ila ufuate usawa wa ule mti mkavu."

"Kwa nini, mwanangu? Pafu linachagua njia?"

Watu wakacheka. Mama Mabomba akapanda, akaupa mti mkavu kisogo, akaingia panapotisha.

Maji yalifika kitini. Yalifika kiunoni. Ulimi alimwona dada yake mlangoni na masanduku, na watoto wakigombea kitanda. Lakini injini iliendelea kunguruma, ikapanda ukingo wa pili, ikageuka na kurudi ikipita penye kina zaidi.

Ulimi akafungua kinywa, pasitoke kitu. Jambo hilo halikuwa limetokea tangu azaliwe. Katika kuupamba uongo wake alikuwa amefanya kila kitu sawasawa: pikipiki ilikuwa ikivuta hewa juu ya maji.

Mama Mabomba alishuka amelowa, akaligonga bomba kwa ukucha, akalikwangua kopo mpaka ikaonekana picha ya ng'ombe.

"Kopo la maziwa," akawatangazia. "Aliyevuka ni mimi na mikono yangu. Daktari, hebu ingia pale usawa wa mti."

Daktari akaingia kwa miguu, akasimama katikati ya dimbwi, maji yakiishia magotini. Kilichofuata hakikuwa cha adabu. Waliotapeliwa wakachukua fedha zao, kisha wakayang'oa mawe na kuyarusha kila upande, na ukweli lazima usemwe: walifurahi sana.

"Linafanya kazi kweli," Ulimi akawasihi. "Hata mimi nimeshangaa."

Sentensi hiyo haikumsaidia.

Mama Mabomba akainama sikioni kwake. "Umebuni kitu kizuri, mwanangu. Jumamosi ijayo mapafu yatajaa dukani kwangu. Ukitaka la kwako, nitakupunguzia."

Jua lilikuwa linakaribia utosini. Mji ulikuwa ng'ambo ya maji, na barabara ya kuzunguka ingemfikisha alasiri. Ulimi akalitazama lile kopo. Maisha yake yote alikuwa amewasihi watu waamini vitu ambavyo yeye mwenyewe asingevigusa. Akafumba jicho moja, akaingia.

Maji yakamshika kiunoni, baridi, yakampokonya kiatu. Injini haikukohoa. Katikati ya dimbwi Ulimi akaanza kucheka peke yake, akapanda ukingo akitiririka tope, akashika njia ya gereji kabla ya saa sita.

Nyuma yake daktari wa meno alitikisa kichwa.

"Tapeli," akasema, "lakini kuendesha anajua."