Foleni Mbele ya Duka Tupu

Jumatatu, 3 Machi

Muuza redio amefunga duka. Ameondoka asubuhi na mkokoteni, kaniachia ufunguo nimpe mwenye nyumba akipita. Mtaa wetu wa maduka sasa ni kama kinywa cha mzee. Meno machache, na hayo yaliyobaki yanacheza.

Nimetembea mtaa mzima, nikarudi, nikatembea tena. Nimemkuta Kinyozi amekaa kwenye kiti cha wateja wake mwenyewe, anasoma gazeti la wiki iliyopita. Fundi viatu amelala. Watu wengine wote wako Jengo la Vioo, kule barabara kuu, wanapanda ngazi zinazojiendesha zenyewe na kushuka bila kununua kitu. Hilo ndilo linaloniuma. Bila kununua kitu wangeweza kukaa hapa hapa kwetu.

Mchana, tukiwa mezani, mke wangu katoa habari. Yeye ni fundi cherehani, duka lake liko chini ya nyumba yetu. Kasema Jengo la Vioo kuna chumba kitupu, na Jumatatu ijayo anakwenda kukiangalia. Kasema kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Nikamuuliza, na mimi je? Akajibu kwamba mimi ni mstaafu, naweza kustaafu popote.

Basi nina wiki moja. Jumatatu ijayo mtaa huu uwe umefurika hadi akose pa kupita. Nimeanza kufikiri. Mimi nafikiri vizuri nikitembea. Muda si mrefu mke wangu akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Kasema ninamkanyaga mteja kichwani.

Kumbe mteja alikuwepo. Dalili njema.

Jumanne, 4 Machi

Nimelipata wazo nikinyoa ndevu. Nina nini ambacho Jengo la Vioo hawana? Sauti. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mtangazaji wa stendi ya mabasi. Hakuna mtu mzima mjini hapa asiyeijua sauti hii.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, hukodisha vyombo vya sherehe. Kaniazima kipaza sauti huku akiniuliza kama dada yake anajua. Nikasema anajua mengi. Nikakifunga dirishani, nikasafisha koo, nikatangaza: wananchi wote mnaombwa kufika mtaa wa maduka bila kuchelewa.

Matokeo yalikuwa ya papo hapo. Watu waliokuwa mtaani walinyanyua vichwa, wakakusanya mizigo yao, wakakimbia. Wamekimbilia stendi. Mama mmoja alikuwa ndiyo kwanza anajaribu kiatu kwa fundi. Amekimbia na kimoja mguuni. Mtaa ukabaki mtupu kabisa. Hata paka sikumwona.

Kwa hiyo sauti yangu bado ina nguvu. Tatizo ni mwelekeo tu.

Jumatano, 5 Machi

Kinyozi kapanda ngazi hadi mlangoni kwangu, na mteja wake nyuma. Yule mteja ana mstari kichwani, kuanzia utosini hadi sikioni, umenyooka kama barabara ya lami. Kinyozi kasema jana niliponguruma mkono wake uliruka. Nikajibu kwamba mkono wa fundi wa kweli hauruki. Mteja kasema yeye anataka tu kujua kama nywele zitaota. Tukaachana vibaya.

Kinyozi huyu ana wivu. Mwaka juzi nilipopendekeza maduka yote yapakwe rangi ya chungwa, yeye ndiye aliyeuliza kwa nini. Tangu hapo hatujawa sawa.

Wazo jipya ni bora zaidi. Watu hawaji kwa sababu madirisha ni matupu. Ufunguo wa muuza redio bado ninao. Mke wangu alikuwa ameenda kununua nyuzi, nami nikabeba masanamu yake matatu ya kuonyeshea nguo, nikayaingiza duka la redio. Nikayavisha. Nguo nilizitoa kwenye kamba ya kazi zilizokwisha. Sanamu la kati nikalipa gauni jeupe la shanga, refu, la kupendeza sana. Nikafungua pazia.

Nilisimama ng'ambo nikatazama. Nilikaribia kuingia kununua.

Na watu wamesimama kweli. Kijana mmoja mtanashati kasimama muda mrefu, katoa simu, kapiga picha, kaondoka anatabasamu. Nimelala nikiwa mtu mwenye furaha, ingawa miguu ilikataa kutulia kitandani.

Alhamisi, 6 Machi

Yule kijana ni bwana harusi. Gauni ni la bibi harusi. Harusi ni Jumapili.

Haya yote nimeyajua kwa shangazi wa bibi harusi, aliyeingia dukani akiwa na picha kwenye simu. Kumbe bibi harusi aliapa bwana asilione gauni hadi siku yenyewe. Bwana kampelekea picha yeye mwenyewe, kaandika: mpenzi, na wewe ungependeza na kitu kama hiki. Binti amelia tangu jana. Shangazi hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha kupimia, akamwambia mke wangu: "Mama, sisi tulikuamini."

Nilikuwa nimesimama ngazini. Nilidhani mke wangu atanitaja. Hakunitaja. Alisema kosa limetoka dukani kwake, na gauni litabadilishwa shingo, mikono na kiuno, na Jumapili asubuhi bwana harusi hatalijua.

Shangazi alipoondoka nilishuka kueleza. Nilieleza kwa kirefu umuhimu wa madirisha. Mke wangu alikuwa anafumua shanga moja moja. Hakuinua uso. Nilipomaliza kasema, "Shika hapa." Nikashika kitambaa. Nilishika kwa muda, halafu wazo likanijia na nikalazimika kutembea.

Nilipogeuka alikuwa amekibana kwa goti.

Ijumaa, 7 Machi

Cherehani haijanyamaza tangu alfajiri. Nimepeleka chai chini mara kadhaa. Imepoa mara hizo hizo.

Nimefikiri sana. Sauti iliwakimbiza, dirisha liliwasimamisha lakini hawakubaki. Nini humfanya mtu asimame na abaki? Foleni. Binadamu akiona foleni huingia kwanza, kisha ndipo huuliza. Nimeliona hilo stendi kwa macho yangu. Watu walipanga mstari nyuma ya mtu aliyekuwa anafunga kamba ya kiatu.

Nimempigia Shemeji. Nimewapigia wenzangu wa zamani wa stendi, makondakta waliostaafu, watu wasio na shughuli. Wakija wapange mstari mbele ya duka la redio. Wasiseme lolote.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Saa tatu asubuhi makondakta wangu walikuwa mstarini. Muda mfupi baadaye nyuma yao alisimama mama mwenye kikapu. Kisha vijana. Kisha familia nzima. Nilikuwa dirishani, nikiwahesabu. Saa tano mkia wa foleni ulikuwa umepinda kona. Mtaa wetu haujaona watu wengi hivyo tangu ujana wangu.

Ila hawakununua kitu. Sikuwa nimelifikiria hili. Mtu aliye kwenye foleni hathubutu kutoka, ataporwa nafasi. Walipita mbele ya viatu, mbele ya nguo, mbele ya Kinyozi, wakitazama kisogo cha mwenzao tu. Na uvumi ukaanza. Wa mbele walisema zinagawiwa blanketi. Wa katikati walisema watu wanaandikishwa kazi. Shemeji, ambaye ndiye niliyempanga mimi, kanipigia simu kutoka mstarini kuniuliza kama blanketi ni za watu wawili.

Jua lilipokuwa kali, bibi mmoja aliyumba. Nilimwona kutoka juu akishika ukuta. Nikashika kichwa, nikatembea kwenda jikoni, nikarudi. Mke wangu alikuwa ameshatoka. Alikuwa na sindano mdomoni na gauni begani. Kamkalisha yule bibi kwenye kiti cha kupimia, barazani. Bila kuambiwa, Kinyozi akatoa benchi lake. Fundi viatu akatoa vigoda. Foleni ikakaa kitako.

Kisha mke wangu akanitazama dirishani. Alizitoa zile sindano mdomoni na kuwaambia watu wote, kwa sauti yake ya kawaida, "Jamani, hapa hakigawiwi kitu. Mume wangu amewapanga ili mtaa uonekane una watu. Niwieni radhi. Aliyechoka akae, maji yapo ndani."

Nilirudi nyuma ya pazia. Wengi waliondoka, na majina waliyoniita sitayaandika. Mzee mmoja alisema angalau amepata hewa.

Lakini wengine hawakuondoka. Yule bibi na mama mwenye kikapu waligundua kwamba waliwahi kuwa majirani. Mtu aliyekaa karibu na fundi viatu aliutazama mguu wake, kisha akavua kiatu. Wawili waliingia kwa Kinyozi. Hadi jioni walikuwepo watu barazani, wanaongea, na mke wangu katikati yao anashona shanga na kucheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka siku nyingi.

Jumapili, 9 Machi

Gauni limeenda. Shangazi kapiga simu baada ya harusi: bwana harusi alipoliona alisahau hata alichotakiwa kujibu. Mke wangu kaweka simu chini, kakunja nyuzi, kakaa.

Nikaona ndiyo nafasi. Nikamwambia kesho asiende Jengo la Vioo, wateja watarudi, nina mipango. Akaniambia hakuwa anafuata wateja.

"Unafuata nini?"

"Watu," akasema. "Huku chini nakaa peke yangu kutwa nzima. Nakusikia tu unavyotembea juu, unauokoa mtaa. Sikuuchoka mtaa. Nimechoka kusikiliza dari."

Aliniomba kesho nishuke nikae naye barazani. Si kufanya kitu. Kukaa. Nikasema nitashuka. Nilimaanisha.

Jumatatu, 10 Machi

Hakwenda. Ametoa viti asubuhi, Kinyozi katoa benchi, na yule bibi wa juzi kaja na dada yake na kazi yao ya kufuma.

Nimekaa naye. Tulikula karanga. Kanionyesha jinsi ya kutia uzi sindanoni kwa kulamba ncha. Ilikuwa raha, nakiri hivyo. Kisha goti langu likaanza kucheza. Mke wangu aliweka mkono juu yake, likatulia, akauondoa, likacheza tena. Nikasema nakwenda kuchukua miwani.

Miwani nilikuwa nimeivaa.

Ijumaa, 14 Machi

Mtaa umejaa. Kila baraza ina viti. Watu wanakuja kukaa, wakishakaa wanakumbuka zipu mbovu, soli iliyobanduka, nywele ndefu. Mwenye nyumba kafuata ufunguo wake; duka la redio limepata mpangaji, muuza vitabu. Kinyozi anatangaza kwamba benchi lake ndilo lililoanza yote. Mtu hana aibu. Foleni ilikuwa ya nani?

Lakini nimesimama dirishani tangu asubuhi nikiwatazama, na nimegundua kasoro kubwa ambayo hakuna mwingine aliyeiona. Wamekaa. Mtu mmoja kakaa kiti kile kile tangu nilipoanza kutazama. Mtu aliyekaa hatembei, na asiyetembea hapiti mbele ya maduka mengine. Huu si mtaa wa biashara, ni sebule.

Dawa yake ni rahisi mno, nashangaa sikuiwaza mapema. Kesho alfajiri, kabla watu hawajaamka, nitaondoa viti vyote, benchi la Kinyozi likiwemo, nivifungie stoo kwa Shemeji. Watu wakikosa pa kukaa watalazimika kuzunguka. Wakizunguka watanunua. Mke wangu atafurahi sana akiona hivyo.

Ananiita sasa hivi kutoka barazani. Anasema ameniwekea nafasi pembeni yake.

Nimemwambia nakuja, namalizia kitu kidogo.