Tausi wa Chuma na Kichwa Changu

Haya, nakiri: mimi huchungulia madirisha ya watu. Nimekana kwa miaka. Dada yangu akinisema, nilikuwa namjibu kwamba ule ni utafiti. (Mtu aliyefika chuo kikuu hakosi jina zuri la kuupa umbea wake.) Leo utafiti umeniaibisha mbele na nyuma, kwa wakati mmoja.

Mnajua naandika makala kuhusu madirisha ya Mwanza. Naamini tabia ya mji iko hapo. Kule mlimani, kwenye nyumba zilizobanwa na mawe, madirisha ni madogo lakini yote yanatazama ziwa. Majumba mapya yana vioo vya buluu: mwenye nyumba anakuona, wewe unajiona. Na huku Nyamagana, katikati ya mji, kuna nyumba za zamani zenye nondo zilizokunjwa maua na ndege. Ninalolipenda kuliko yote ni dirisha la Mama Jayesh: tausi mzima wa chuma, mkia ameutandaza.

Tausi huyo yuko hatarini. Jayesh anataka kumng'oa aweke alminiamu. Mama yake, bibi wa miaka themanini na mbili, hataki kusikia. Nami nilimwahidi mama kwamba makala yangu yatamwokoa ndege wake.

Basi saa tatu asubuhi niko barazani kwake, napiga picha. Nikataka kuona fundi aliuungaje mkia kwa ndani. Duara moja la mkia lilikuwa limepoteza ua lake. Nikaingiza kichwa. Kikaingia vizuri tu! Kutoka, masikio yakagoma.

Ndani, Mama Jayesh alikuwa anachambua mchele. Akainua macho.

"Mwalimu, leo umekuja nusu?"

"Shikamoo, mama. Nimenasa."

"Marahaba. Kunywa chai kwanza."

(Akaninywesha, kwa kisahani. Ningefanyaje?)

Mara nikasikia sauti nje, upande wa makalio: "Shikamoo, Mwalimu!" Mwanafunzi wangu wa zamani. Amenitambua kwa nyuma! Nikaitikia kwa sauti ya darasani: "Marahaba, mwanangu! Hujambo?"

Mama Jayesh akaweka kisahani chini. "Mimi ni mwanao?"

"Si wewe, mama! Kuna mtu nje!"

"Mimi hapa namwona mtu mmoja tu."

Nje watu wakajaa.

"Mwizi huyo?"

"Mwizi gani anavaa viatu vya kanisani?"

"Namjua huyu mama. Hata kwetu Igogo alichungulia."

(Ni kweli.)

Wakanivuta miguu. Wakanipaka sabuni, Mama Jayesh naye akanimiminia mafuta ya alizeti. Nikanukia chapati, lakini sikutoka. Mwishowe akaitwa fundi wa kuchomelea, na mashine yake ya kukatia vyuma.

"Mama, tukate chuma au tukate masikio?" akaniuliza. Watu wakacheka. Mimi, nawaapia, nilifikiria. Kichwa hiki ndicho kilichoahidi kumwokoa tausi!

Wakakata chuma. Mama Jayesh alinifunika kitenge kilicholowa, cheche zikaruka, na mkia ukaanguka nusu nzima. Nilipotoka, watu walipiga makofi. Mama Jayesh peke yake, aliyekuwa ametoka barazani, hakupiga. Alisimama akilitazama lile pengo, kisha akaingia ndani.

Sasa hivi Jayesh amenipigia simu. Kabla hajasema neno, nikaanza kuomba radhi.

"Radhi ya nini, Mwalimu? Mama amekubali alminiamu! Anasema tausi mwenyewe ameshakwisha, na lile tundu litamletea wageni kila siku. Miaka mitatu tunambembeleza, wewe umemaliza kazi kwa asubuhi moja! Fundi anaanza Jumatatu. Karibu sana uje uone." Kisha akaongeza: "Ila pitia mlangoni."